Kimya cha Antony: Karama ya Uongozi Katika Mazishi ya Kaizari

Msomaji anayeifungua tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, akitarajia kukutana na kiongozi mwenye haiba ya kuitetemesha Roma atashangazwa na mtu atakayemkuta. Caesar, ndiye Kaizari wa kichwa cha Kiswahili, anatokea akiwa hai katika maonyesho matatu tu. Katika la kwanza anamwambia rafiki yake Antony ahamie upande wake wa kulia, kwa kuwa sikio lake la kushoto halisikii. Punde kabla ya hapo Cassius, kinara wa njama ya kumuua, amekwisha kusimulia jinsi mtu huyu alivyoshindwa kuuvuka mto Tiber kwa kuogelea hadi akaokolewa, na jinsi alivyotetemeka kwa homa alipokuwa Hispania. Punde baadaye tunaelezwa kwamba ameanguka kifafa sokoni, mbele ya watu. Uziwi ule haumo katika maandishi ya Plutarch, Mgiriki ambaye Shakespeare alimtegemea kupitia tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579. Shakespeare aliutia mwenyewe. Kwa nini mwandishi amchukue mtu ambaye jina lake liligeuka kuwa cheo cha wafalme, kisha audhoofishe mwili wake namna hiyo?

Jibu ninalopendekeza ni kwamba tamthilia hii haiamini kuwa karama ya kiongozi imo ndani ya kiongozi. Inaitafuta katika nafasi iliyo wazi kati ya msemaji na wanaomsikiliza, na chombo chake cha kuitafutia ni umbo: nani anasema kwa nathari na nani kwa shairi, nani ananyamaza na kimya chake kinajazwa na nani, nani anapewa jina na nani anapewa namba, nani angali jukwaani na nani amekwisha kuondoka. Anayesoma hoja za wahusika peke yake atatoka na somo la siku zote kwamba umati ni kigeugeu. Anayesoma umbo atatoka na somo gumu zaidi, linalomgusa yeye mwenyewe kama msikilizaji.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kazi hii ina historia ya pekee. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake mwaka 1963, miezi michache baada ya kuapishwa kuwa Rais wa Tanganyika Desemba 1962, na toleo alilolisahihisha likatoka 1969. Aliitafsiri kwa mistari isiyo na vina, jambo lililokuwa geni kwa wengi katika utamaduni ambamo shairi lilitambulika kwa vina na mizani. Kwa hiyo tamthilia inayochunguza jinsi mtu mmoja anavyoweza kuuteka uwanja mzima kwa maneno ilitiwa katika Kiswahili na mtu ambaye viwanja vya Dar es Salaam vilifurika watu kila alipohutubia. Sitaki kumbebesha Mwalimu nia ambazo hakuzitamka. Lakini mfasiri hulazimika kulipima kila neno la matini, na siwezi kuamini kwamba kiongozi aliyeipima hotuba ya Antony neno kwa neno hakuitambua silaha aliyokuwa ameishika mkononi.

Taji nyuma ya pazia

Tukio kubwa kuliko yote katika siasa za Caesar hatulioni. Antony anamtolea taji mara tatu mbele ya halaiki, naye analikataa mara tatu. Tukio hilo lingependeza jukwaani, kwani lina watu, lina rangi, lina mvutano. Shakespeare analiweka nje. Anatuacha pembeni na Cassius na Brutus, rafiki wa Caesar, tukisikia shangwe kwa mbali, na kila shangwe inamtia Brutus hofu. Kisha anamleta Casca, aliyeshuhudia yote, atusimulie, na Casca anasimulia kwa nathari, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na alichokiona. Anataja kofia za jasho zilizorushwa juu na harufu ya pumzi za watu. Anaeleza kwamba Caesar alipoona umati umefurahi kwa sababu amelikataa taji, alifungua vazi lake shingoni akawatolea koo wamkate. Alipozinduka kutoka katika kifafa chake akaomba radhi, na wanawake kadhaa waliokuwa karibu wakamsamehe kwa moyo wote. Casca anaongeza kuwa wangemsamehe hata kama angewaua mama zao.

Kwa mpangilio huu tunapata matokeo ya karama huku tukinyimwa chanzo chake. Tunaisikia shangwe, hatumwoni anayeshangiliwa. Mwanasosholojia Max Weber, ambaye kazi yake kuu ilichapishwa mwaka 1922 baada ya kifo chake, alisisitiza kwamba mamlaka ya karama husimama juu ya kutambuliwa na wafuasi, na utambuzi huo ukitoweka mamlaka nayo huporomoka. Shakespeare alikuwa amekwisha kulionyesha jambo hilo zaidi ya miaka 300 kabla, kwa uamuzi mmoja wa kijukwaa: shangwe aliileta masikioni mwetu, kiongozi akamwacha nyuma ya pazia. Msomaji aikumbuke ishara ile ya koo lililotolewa likatwe, maana itarudi ikiwa na mtu mwingine.

Kimya chenye mlango mmoja

Baada ya wala njama kumuua Caesar, mwenzao Brutus anapanda mimbari kuwaeleza Warumi kwa nini amemuua rafiki yake. Kwa kawaida Brutus husema kwa shairi, lakini mbele ya umma anachagua nathari. Nathari yenyewe imechongwa kwa urari mkali. Upendo kwa mtu unapimwa dhidi ya upendo kwa nchi. Kila sifa ya marehemu inapewa stahili yake, hadi orodha inapoifikia tamaa ya ukubwa, ambayo stahili yake ni kifo. Ni hotuba ya mtu anayewaheshimu wasikilizaji wake, anayewataka watumie akili na wahukumu.

Lakini hakuna tendo hata moja la Caesar linalotajwa. Usiku wa kuamkia mauaji, akiwa peke yake bustanini, Brutus alijikiria kwamba hana kosa la kumshikia mtu huyu. Anamuua kwa ajili ya kile anachoweza kuja kuwa akishavikwa taji. Ungamo hilo halifiki mimbarini. Mahali pa ushahidi pamewekwa ulinganifu wa sentensi, na ulinganifu huo unaliridhisha sikio kiasi kwamba akili haiulizi kilichokosekana. Wahakiki wengi huiona hotuba hii kuwa ni mantiki kavu iliyoshindwa na hisia. Mimi naiona kuwa ni hisia ya mantiki: msikilizaji anaondoka akihisi kwamba amethibitishiwa, na hakuna alichothibitishiwa.

Kisha Brutus anauliza maswali matatu kwa mfululizo. Je, yupo hapa mtu duni kiasi cha kupenda utumwa? Yupo asiyetaka kuwa Mrumi? Yupo asiyeipenda nchi yake? Kama yupo, aseme. Anatangaza kwamba anasubiri jibu, na wote wanajibu kuwa hakuna. Hiki ndicho kimya cha kwanza katika onyesho la mazishi, na kimejengwa kwa namna ya kuacha mlango mmoja tu wa kutokea. Atakayesema yupo atakuwa amejitangaza mtumwa na msaliti papo hapo. Brutus anaamini kwa dhati kwamba ametoa nafasi ya kujibiwa. Umbo la maswali yake limekwisha kuifunga.

Anamaliza kwa kusema kwamba jambia lililomuua Caesar analo, na yuko tayari kulitumia juu ya nafsi yake siku nchi itakapotaka kifo chake. Hapa ishara ya koo inarudi. Yule aliyeuawa kwa kuogopwa kuwa mfalme aliwatolea watu shingo. Huyu aliyemuua anawatolea watu kifua. Umati unaitika ishara ya pili kama ulivyoitika ya kwanza. Mmoja anataka Brutus asindikizwe nyumbani kwa shangwe, mwingine anataka ajengewe sanamu, wa tatu anataka yeye ndiye awe Caesar. Maneno hayo ya mtu wa tatu ni pigo kwa kila hoja iliyotangulia. Brutus ameua mtu ili kiti kiondoke, na watu waliomwelewa vizuri kuliko wote wanamwalika akikalie. Wameipokea ishara na kuiacha hoja, kwa sababu ishara waliijua tayari.

Kimya kinachojazwa na wengine

Antony anafika akiwa amefungwa kwa masharti. Haruhusiwi kuwalaumu wauaji; anaruhusiwa kumsifu marehemu, mradi aseme kwamba amepewa ruhusa. Umati aliouteka Brutus umemgeukia yeye kwa tahadhari, na mmoja wao anaonya kwamba ingekuwa heri asimseme Brutus vibaya. Masharti haya ndiyo yanayolizaa umbo la hotuba yake. Mtu asiyeruhusiwa kulaumu hana budi kutafuta njia ya kuwafanya wengine walaumu kwa niaba yake.

Njia anayoitumia ni takriri. Anasema kwa shairi kwamba Brutus ni mtu wa heshima, na kauli hiyo inarudi mara nne kabla hajanyamaza kwa mara ya kwanza. Kati ya mrudio mmoja na mwingine anaweka kitu ambacho Brutus hakukiweka: matendo. Mateka ambao fidia zao zilijaza hazina ya umma. Machozi ya Caesar walipolia maskini. Taji lililokataliwa mara tatu, tena mbele ya macho ya hawa hawa wanaosikiliza. Neno la sifa linabaki vilevile kila linaporudi, lakini kilichowekwa kabla yake kinazidi kuwa kizito, na kejeli inazaliwa katika uzito huo. Antony halitamki tusi. Analirudia pongezi hadi lioze, na baadaye mmoja wa wasikilizaji anapoyakataa maneno hayo ya heshima na kuwaita wauaji wasaliti, yeye ndiye anayeitamka hukumu ambayo msemaji alikatazwa kuitamka.

Hata hivyo, kilele cha ufundi wa Antony nakiona mahali ambapo hasemi chochote. Baada ya mrudio wa nne anaomba radhi kwamba huzuni imemzidi na hana budi kungoja hadi moyo wake utulie. Ananyamaza, na Shakespeare anauacha umati uongee. Wa kwanza anaona kwamba maneno aliyoyasikia yana hoja. Wa pili anaona kwamba, likitazamwa vizuri, Caesar amedhulumiwa. Wa tatu anahofia kwamba atakayekuja mahali pake atakuwa mbaya zaidi. Wa nne anapiga hatua ambayo Antony hakuipiga: kwa kuwa Caesar alilikataa taji, basi ni hakika hakuwa na tamaa. Wa kwanza anarudi na kitisho kwamba ikibainika hivyo, kuna watakaolipa. Wa pili anamwonea Antony huruma kwa macho yake mekundu. Wa tatu anakata shauri kwamba Roma nzima haina mtu bora kumzidi. Ndipo wa nne anapowataka wamsikilize, maana anaanza tena kusema.

Vituo saba, na msemaji hajafumbua mdomo. Safari nzima kutoka kwenye hoja hadi kwenye dhuluma, kutoka dhuluma hadi kitisho, kutoka kitisho hadi huruma na kutoka huruma hadi utukufu imesafiriwa na wasikilizaji kwa miguu yao wenyewe. Hitimisho la kimantiki, lile la kwa kuwa na kwa hiyo, limetoka kwa mtu asiye na jina. Mtu huitetea kuliko yote hoja anayoamini kwamba ameigundua mwenyewe, na Antony amewapa watu wa Roma zawadi ya kugundua.

Sisi tunaijua nguvu hii tangu utotoni. Msimulizi wa hadithi husema paukwa, akatulia, na hadithi haiendi mpaka wasikilizaji waitike pakawa. Jibu lao ni fupi, lakini wakishalitoa hadithi inakuwa yao pia. Mikutano yetu ya siasa imejengwa juu ya umbo hilo hilo: kiongozi hutoa nusu ya kaulimbiu na uwanja ukamalizia nusu nyingine kwa sauti kubwa kuliko yake. Umbo hili si ovu. Chama cha TANU kilichoanzishwa Julai 1954 kisingeufikia uhuru wa Desemba 1961 kwa nyaraka na hoja za kisheria peke yake. Watu waliotawaliwa walihitaji kujisikia wakisema kwa pamoja jambo ambalo mmoja mmoja waliogopa kulisema. Tofauti ya vimya viwili vya mazishi ya Caesar ni kwamba Brutus aliacha nafasi isiyoweza kujazwa na neno jingine, na Antony aliacha nafasi iliyoonekana kuwa huru kabisa. Kimya cha pili kina nguvu zaidi kwa sababu aliyemo ndani yake haoni ukuta.

Shahidi ambaye hakuwepo

Baadaye Antony anawaonyesha wosia wa Caesar, anakataa kuusoma, anaacha walazimishe, kisha anaomba ruhusa ashuke. Ruhusa! Mtu aliyekwisha kuwa na uwanja mkononi anawaomba watu wampe amri. Wanafanya duara kuizunguka maiti. Brutus alisema kutoka juu akabaki juu. Antony anashuka hadi usawa wao. Tamthilia hii iliigizwa kwa mara ya kwanza karibu na mwaka 1599, mwaka ambao ukumbi wa Globe ulijengwa London, ambako watu waliolipa peni moja walisimama wakilizunguka jukwaa pande tatu. Antony anaposhuka na duara linapofanyika, mstari kati ya umati wa Roma na wale wenye viingilio vya peni unafifia. Mtazamaji naye amezungushwa.

Katikati ya duara lile Antony analiinua joho la Caesar. Anakumbuka jioni ya kiangazi Caesar alipolivaa kwa mara ya kwanza hemani, siku aliyolishinda kabila la Wanervii. Kisha anaonyesha matundu: hapa alichoma Cassius, hapa Casca, hapa Brutus aliyependwa. Ushindi juu ya Wanervii ulipatikana mwaka 57 kabla ya Kristo, na historia inamweka Antony kwingine wakati huo. Hakuwa amejiunga bado na Caesar huko Galia. Kuhusu majambia, tamthilia yenyewe imetuonyesha Trebonius, mmoja wa wala njama, akimvuta Antony nje kabla ya pigo la kwanza. Hakujua tundu lipi ni la nani. Umbo la shairi, lenye hapa, na hapa, na hapa tena, linampa ushuhuda wa macho mtu ambaye hakuona. Hakuna anayemuuliza, kwa sababu kuuliza katika duara la waombolezaji kungekuwa ni ukosefu wa adabu. Ndipo anapojieleza kuwa si msemaji kama Brutus, ni mtu wa kawaida asiyejua kupamba maneno. Watu waliokwisha kutekwa na maneno yake wanaambiwa hakuna maneno yaliyotumika.

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kumwita Antony mnafiki. Shakespeare ametuzuia. Katika onyesho lililotangulia alimwacha Antony peke yake na maiti, pasipo hadhira, na pale pia aliomboleza na kutabiri kwamba damu itamwagika. Mapenzi yake kwa Caesar ni ya kweli. Hili ndilo jambo linalonisumbua kuliko yote katika kazi hii, kwa maana tumezoea kuwapima viongozi wenye mvuto kwa kuuliza kama wanamaanisha wanachosema. Antony anamaanisha, na mji unaungua vilevile. Unyoofu wa moyo ni fadhila, lakini haumkingi yeyote dhidi ya madhara ya hotuba.

Kuna kipengele kimoja zaidi kinachopita haraka jukwaani. Umati unapokimbia kwenda kuchoma nyumba, Antony anauita urudi, kwa sababu umeusahau wosia. Wosia uliodaiwa kwa makelele, uliokuwa kisa cha yeye kushuka, umetoka vichwani mwao kabisa. Anawasomea: drakma 75 kwa kila raia, na bustani za Caesar kando ya Tiber ziwe za umma milele. Faida ya mali inakuja baada ya hasira, kama mhuri juu ya barua iliyokwisha kuandikwa. Wanaosema kwamba umati ulinunuliwa hawajautazama mpangilio. Walikwisha kwenda kabla ya kujua bei.

Kutoka ufundi hadi namba

Tamthilia inafunguliwa na watu wa kawaida walioacha kazi ili wamshangilie Caesar. Wanapewa ufundi wao: mmoja ni seremala, mwingine ni fundi viatu, na fundi viatu huyo anacheza na maneno hadi wakubwa wanaomhoji wanakasirika. Ana kazi, ana ulimi, ana akili ya kumzungusha mwenye cheo. Katika mazishi watu wa tabaka hilo hilo wanarudi wakiwa na namba tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ufundi umepotea na utani umepotea. Sauti nne zinatosha kuwa mji mzima, na wosia unawagawia fedha kwa kichwa.

Onyesho linalofuata ni fupi sana, na waongozaji wengine wa zamani walilikata kwa kuliona halina kazi. Mshairi aitwaye Cinna anakutana na umati njiani. Wanamuuliza jina, aendako, akaapo, na kama ameoa, wakimtaka ajibu yote kwa mkupuo. Jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anaeleza kwamba yeye ni mshairi, wanasema basi auawe kwa ubaya wa mashairi yake. Anaeleza tena kwamba si yule muuaji, wanasema haidhuru, jina linatosha. Watu waliopoteza majina yao wanaua kwa ajili ya jina. Mpangilio huu wa maonyesho matatu, ufundi kisha namba kisha jina la kifo, ni hoja kamili ambayo hakuna mhusika anayeitamka. Karama iliyotukuzwa mimbarini iliwapa watu hisia ya kuwa wamoja, na gharama yake ni kwamba hakuna aliyebaki na uwezo wa kumtofautisha mtu mmoja na mwingine.

Na mara tu baada ya maiti ya mshairi tunaingia chumbani. Antony na washirika wake, Octavius na Lepidus, wameketi na orodha, wanatia alama majina ya watakaokufa, ndugu kwa ndugu, mpwa kwa kaka. Antony anamtuma Lepidus akalete wosia, waangalie namna ya kupunguza gharama za urithi ule. Wosia uliodaiwa kwa makelele sasa ni karatasi ya hesabu. Shakespeare hakuweka hata mstari mmoja wa kulaani. Ameyapanga maonyesho mawili karibu karibu akatuachia kulaani.

Aliyebaki uwanjani

Nani hasa anarithi moto uliowashwa na Antony? Si Antony. Mwisho wa tamthilia, kwenye uwanja wa vita wa Philippi, Octavius kijana anakataa kwenda upande wa kushoto aliopangiwa na Antony na kuushika upande wa kulia. Antony yule yule aliyeitwa awe upande wa kulia wa Caesar mwanzoni, sasa anasukumwa kushoto na Caesar mwingine, maana Octavius naye anaitwa hivyo. Octavius hahutubii umati hata mara moja katika tamthilia nzima. Hana chozi wala joho. Lakini maneno ya mwisho ya tamthilia ni yake, na cheo ni chake. Mvuto uliotengenezwa na mtu mmoja kwa ajili ya mapenzi yake umekuwa mali ya mwingine mwenye subira na mahesabu. Kiti ambacho umati ulimpa Brutus kwa nusu saa hakikuwahi kuondoka, kilingoja.

Kosa la Brutus, basi, lilikuwa wapi? Cassius alimwonya asimruhusu Antony kusema, na wasomaji wengi humpa Cassius haki. Mimi simpi. Kumnyima Antony nafasi kungekuwa ni kuanza jamhuri kwa kuziba mdomo, na Brutus alifanya jambo la heshima kumwachia mpinzani wake mimbari. Alichokosea kimeandikwa katika maelekezo ya jukwaa kwa neno moja: anaondoka. Anawasihi watu wabaki wamsikilize Antony, na yeye mwenyewe anakwenda zake peke yake. Aliamini kwamba ukweli ukitangulia kusemwa umeshinda. Kwa hiyo Antony anapotoa ushuhuda wa matundu ambayo hakuyaona yakichomwa, mtu wa pekee ambaye angeweza kumuuliza alijuaje hayupo. Anapoinua wosia, hakuna wa kuomba usomwe kwanza wote na ujadiliwe baadaye. Hotuba ya Brutus ilihitaji mtu wa kuijibu, ikampata. Hotuba ya Antony haikumpata.

Umbo la tamthilia hii linatupa kipimo kilicho bora kuliko vile tunavyovizoea. Tunauliza kama kiongozi ana mvuto, na Caesar kiziwi anatujibu kwamba mvuto huo tunautengeneza sisi. Tunauliza kama anasema kwa dhati, na machozi ya Antony yanatujibu kwamba dhati haitoshi. Swali linalobaki ni la mpangilio wa uwanja: akishamaliza kusema, ni nani mwingine amebaki pale mwenye haki ya kuuliza, mwenye sauti ya kusikika, na asiyeogopa kuuliza mbele ya duara la wanaolia? Bunge lenye wapinzani, gazeti lisilofungiwa, mahakama, mwanachama anayenyanyua mkono katika mkutano wa tawi, wote hao ni watu waliokataa kuondoka uwanjani baada ya kusema sehemu yao. Anayejiona ana hoja bora kuliko karama ya mwenzake anao wajibu wa kubaki, kusikiliza hadi mwisho, na kuuliza kwa sauti alijuaje, kabla watu hawajaanza kuulizana majina barabarani.